Dau Dogo la Mbogo

Siku ya mahari, bwana arusi hana ulimi.

Kanuni hiyo waliijua wageni waliopanda pikapu kutoka Sachangwan, na waliijua wenyeji wao huko Bahati. Wasemao ni wazee. Bwana arusi huketi akatazama magoti yake. Akifungua kinywa bila kuulizwa, hutozwa kondoo dume aliye hai, tena humlipa kabla chakula hakijapakuliwa. Na kanuni hiyo ina dada yake: mgeni akitoka langoni bila kuonja chakula, mazungumzo yamekufa, wala hayafufuliwi.

Juma lililopita tulimwacha Kipkemoi, bwana arusi wetu, ameinama penye mlango wa hema, mkono wake umo ndani ya kiondo cha simu, na damu imemkimbia usoni.

Hakuwa ameona nyoka humo. Afadhali angekuwa nyoka.

Wazee walikuwa wameagiza kila simu iwekwe katika kiondo hicho, ili mtu asiitwe na ulimwengu wakati wa jambo la heshima. Mzee Muiruri, msemaji wa wenyeji na mdogo wa marehemu baba wa bibi arusi Wamuyu, alitoka upande wa jikoni akatumbukiza simu mbili. Moja ilikuwa na mfuko wa kitambaa chekundu. Ilipoanguka, kioo chake kiliwaka. Palikuwa na kichwa cha mbogo mwenye pembe pana, na chini yake maneno haya: "Mbogo wa Menengai, meza inakungoja."

Kipkemoi alimjua mbogo huyo. Amepigwa pembe naye tangu mvua za masika.

"Kijana, mbona umeganda?" Mzee Muiruri akauliza. "Ama umeona nyoka?"

Kipkemoi akatikisa kichwa.

"Hasemi!" Mzee akawageukia wenzake kwa furaha. "Watu wa Sachangwan, huyu mmemfunza vizuri. Hata akikanyagwa atameza."

Wakacheka. Kipkemoi akaenda kuketi, akatazama magoti yake kama ilivyompasa. Lakini moyoni alikuwa akipiga kelele: ni yeye! Huyu mzee wa kofia na fimbo ndiye Mbogo!

Msomaji aliyetukuta njiani na aelezwe kwa ufupi.

Kipkemoi ni mpimaji katika kituo cha kupozea maziwa karibu na Molo. Mitungi ikishapimwa, yeye hujipumzisha kwa kucheza poka katika simu. Kila mchezaji hugawiwa karata mbili za siri. Nyingine hufunuliwa mezani mbele ya wote. Na kila mmoja huweka dau kwa kadiri anavyoziamini karata zake. Aogopaye hutupa. Asiyeogopa huita, yaani hulipa dau lile lile, na karata hufunuliwa. Hakuna fedha katika meza ile, ni alama tupu. Lakini mtu akilishwa vumbi kila siku mbele ya watu, alama nazo huuma.

Na Mbogo wa Menengai alimlisha vumbi.

Kipkemoi hakukubali. Maziwa yenye maji huyatambua kwa kipimo. Kwa nini asimtambue mtu? Mchezo ule huhifadhi kila raundi iliyopita. Akazifungua moja moja, akizipepeta kama mama apepetavyo maharagwe. Kwanza alisadiki kwamba Mbogo hubahatisha. Akacheza kwa imani hiyo, akanyolewa. Kisha akasadiki kwamba Mbogo akikawia kujibu, ana karata nzuri. Akawa anatupa zake kila Mbogo alipokawia, akanyolewa tena. Mbogo alikawia ovyo ovyo tu, kana kwamba mahali fulani kuna chungu kinachotaka kukorogwa.

"Huyu mtu ananichezea akili!" Kipkemoi alikuwa akifoka katikati ya mitungi.

"Si uwachane na yeye, msee," rafiki yake Kipruto, dereva wa kituo, alikuwa akimwambia. "Ni karata tu."

"Si karata. Ni mtu. Na mtu lazima awe na tabia yake."

"Tabia yake ni kukufinya. Hiyo hata mimi nimeiona, na sijui kucheza."

Siku moja, alipokuwa amekwisha kukata tamaa, Kipkemoi aliziweka raundi mbili bega kwa bega. Katika ya kwanza, Mbogo alirusha mezani alama zake zote mara moja, kwa kishindo. Kipkemoi akaogopa, akatupa wafalme wawili. Ndipo Mbogo, kwa dharau, akafunua alichokuwa nacho: saba na mbili, karata ambazo hata mtoto huzitupa. Katika ya pili, Mbogo aliweka dau dogo, dau la mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Kipkemoi akacheka, akapandisha. Chini ya dau lile palikuwa na malkia watatu.

Akafungua nyingine, na nyingine. Zote zilisema neno moja.

Mbogo akinguruma, hana kitu. Mbogo akinong'ona, kimbia.

Haya. Sasa Mbogo mwenyewe ameketi mbele yake, amevua kofia, anapiga chafya ya ugoro, na ndiye ameshika hatima ya Wamuyu mkononi. Kipkemoi ndiye mtu wa pekee hemani mwenye kumsoma. Naye hana ulimi!

Mazungumzo yalianza kwa upole. Upande wa Sachangwan msemaji alikuwa Mzee Kibii, kaka mkubwa wa baba yake Kipkemoi, mkulima wa viazi, mzee wa kanisa, mtu aliyenyooka kama mlingoti na mwenye kiburi cha kutosha kwa wawili. Wakazungumza Kiswahili, maana lugha za nyumbani hazikukutana. Habari ya mifugo ikapita bila kelele nyingi. Kila baada ya neno, Mzee Muiruri aliomba ruhusa "kushauriana kidogo", akazunguka nyuma ya hema, kisha akarudi na jibu. Ndiyo desturi, hakuna aliyeshangaa.

Safari moja alirudi taratibu. Aliketi, akaipangusa kofia yake, akanena kwa sauti ya chini.

"Mzee Kibii, kuna kajambo kadogo. Kadogo sana."

"Sema, mzee wangu."

"Tunasikia kwenu mtoto akizaliwa, akina mama wanaita majina ya wazee waliotangulia, moja moja, mpaka mtoto apige chafya. Lile jina limeleta chafya, ndilo lake."

"Ndivyo ilivyo."

"Sasa tulikuwa tunaomba tu... mkiita hayo majina yenu, na la Ngigi muite. Hata kama ni la mwisho. Ngigi ndiye alizaa huyu msichana, na hakuacha kijana wa kubeba jina lake."

Mzee Kibii akaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa cha mtu aliyefurahi kwamba mambo yanakwenda sawa.

"Mzee Muiruri! Wazee wetu huko waliko watashtuka. Watauliza, huyu Ngigi ni wa nani, amefikaje kwa foleni yetu? Si atapotea huko, maskini! Tuwache hayo, tuende kwa mambo makubwa."

Wageni wakacheka pamoja naye. Kipkemoi naye, Mungu amsamehe, akatabasamu.

Mzee Muiruri hakucheka.

"Haya," akasema. "Ni kajambo tu." Akainuka kwenda kushauriana.

Kutoka jikoni ukasikika mwiko ukigonga ukingo wa sufuria. Mara moja, kwa nguvu.

Msomaji, safari hii mzee hakukawia. Alirudi mbio mbio, wala hakuketi. Alikita fimbo katikati ya hema.

"Sisi tumekataa!"

"Mmekataa nini?" Mzee Kibii akauliza.

"Yote! Wamuyu ana dada. Sue ndiye mkubwa na hajaolewa. Mdogo hatangulii mkubwa kwa mlango. Rudini kwenu, Sue akipata bwana mtaitwa!"

Kabla mtu hajapumua, dirisha la jikoni likafunguka na sauti ya Sue mwenyewe ikaruka nje.

"Uncle! Mimi nilikuomba bwana lini? Mimi niko na maua yangu Naivasha, niwache nayo! Kwani hayo maua yamekukosea?"

Wanawake wakapasuka vicheko. Sauti nyingine ya kike, ya chini, ikasema, "Sue, funga dirisha." Dirisha likafungwa.

Mzee Kibii hakucheka. Alikuwa ameinuka, na kila mfupa wake ulisimama pamoja naye.

"Mzee Muiruri, hii habari ya Sue mlikuwa mnaijua tangu barua ya kwanza?"

"Tulikuwa tunaijua."

"Na mkatuita tukafunga mbuzi kwa gari, tukavaa makoti, ndio mtuambie leo?"

"Ndio hivyo."

"Basi mmetuita kutuchezea." Akageuka. "Kipruto! Washa pikapu."

Kipkemoi alihisi kana kwamba ubongo wake unachemka. Amenguruma! Hana kitu mkononi, ni saba na mbili! Ketini, baba mkubwa, ketini tu, mwite, na atazitupa karata zake mwenyewe! Neno moja lingetosha.

Akakohoa kwa nguvu.

"Mpeni kijana maji," Mzee Kibii akasema bila kumtazama.

Akamfinya Kipruto paja, akamwonyesha mzee kwa macho, akaonyesha kiti, akapiga ngumi moja juu ya nyingine kuonyesha kuketi.

Kipruto akamwinamia kwa huruma. "Choo iko nyuma ya zizi, msee. Lakini harakisha, tunatoka."

Loo! Kipkemoi nusura amng'ate. Akamshika baba yake mkubwa pindo la koti, akalivuta chini.

"Niwachilie koti," akanena Mzee Kibii, na sasa sauti yake ilikuwa na majonzi. "Najua unaona aibu. Hata mimi ninaona. Utapata msichana mwingine."

"Huyo bwana arusi ni kama anataka kucheza ngoma," akasema mzee mmoja wa wenyeji. "Tazama anavyoruka."

Miezi mingapi ameumiza macho juu ya raundi zile! Amemsoma mtu mpaka ndani ya mifupa, na elimu yote ile haina faida zaidi ya kuku anayedonoa langoni. Wageni walikuwa wamekwisha kutoka hemani. Mzee Kibii alitembea mbele, kiatu baada ya kiatu, na lango lilikuwa wazi. Nyuma ya kioo cha dirisha la nyumba, Wamuyu alikuwa amesimama, viganja viwili vimeziba kinywa. Naye hakuruhusiwa kusema.

Mzee Muiruri hakuwafuata. Alibaki katikati ya hema ameshika fimbo, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyesukuma mlango akidhani umefungwa, kumbe ulikuwa wazi.

Mzee Kibii akashika komeo la lango.

Na hapo, msomaji, ndipo wazo lililopaswa kuja mapema lilipomjia Kipkemoi.

Mbogo akinguruma, hana kitu. Vema. Lakini Mbogo alinguruma baada ya nini? Muda wote Kipkemoi amekuwa akitega sikio kwa kishindo. Kama angemkalisha baba yake mkubwa, Mzee Muiruri angerudi nyuma, Sue angesahauliwa, na watu wa Sachangwan wangeshinda raundi. Wangeshinda nini? Karata nzito zilikuwa zimekwisha kuwekwa mezani, kwa sauti ya chini, kwa dau la mtu anayeomba chumvi, nao wakalicheka dau lile. Yeye mwenyewe akatabasamu!

Kajambo kadogo. Hata kama ni la mwisho.

Akaona kaburi la mtu asiyemjua, lisilo na mtoto wa kiume wa kulipalilia, na mtu mmoja akiliombea jina nafasi ya mwisho katika foleni ya wageni.

Komeo likalia.

"Mtoto wetu wa kwanza wa kiume ataitwa Ngigi!"

Sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. Hata mbuzi ndani ya pikapu waliinua vichwa.

"Apige chafya," akaongeza, "asipige!"

Kipruto alishika kichwa. Mzee Kibii aligeuka taratibu, mkono bado uko kwenye komeo.

"Umesema?"

"Nimesema, baba mkubwa."

"Mbele ya wakwe. Bila kuulizwa."

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Na sasa umesema tena," yule mzee wa wenyeji akadakia. "Hao ni kondoo wawili!"

"Hapana, hayo ameulizwa," mwingine akapinga. "Ya kuulizwa hayana faini. Ni kondoo mmoja na mkia."

Lakini Mzee Kibii hakuwasikiliza. Alimsogelea Kipkemoi mpaka pua zikakaribiana, akanena kwa lugha ya nyumbani, polepole, na sisi twaieleza kwa Kiswahili.

"Katika nyumba yetu mtu hajawahi kupewa jina la nje. Neno likishasemwa mahali kama hapa halimezwi. Unajua umenifunga?"

"Najua."

"Nani alikuambia jina ndilo jambo lenyewe? Mimi nilisikia kajambo. Nilisikia Sue. Wewe ulisikia nini?"

Kipkemoi atamwambia nini mzee wa kanisa? Kwamba amejifunza kusikia katika meza ya karata? Kwamba wafalme na malkia wa simu ndio waliomfumbua masikio?

"Niliona hakucheka, baba mkubwa," akajibu. Na hilo nalo lilikuwa kweli.

Mzee Kibii akamtazama Mzee Muiruri, ambaye alikuwa amevua kofia na kuikumbatia kifuani kama mtu aliye ibadani. Lakini tazama jambo la ajabu: hakumtazama Mzee Kibii, wala hakumtazama Kipkemoi. Alitazama jikoni. Alingoja.

Wote wakangoja, bila kujua wanangoja nini.

Jikoni sahani zikaanza kulia: moja juu ya nyingine, nyingi, haraka. Chakula kilikuwa kinapakuliwa.

Mzee Muiruri akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Karibuni mketi, wakwe zetu," akasema. "Habari ya Sue, Sue mwenyewe ameijibu. Anaolewa na maua."

"Amina!" sauti ya Sue ikajibu ndani.

"Lakini faini," Mzee Muiruri akainua fimbo, na macho yake yalikuwa na maji, "faini ni faini. Kondoo dume, aliye hai, kabla sahani hazijatoka. Bwana arusi, kondoo wako yuko wapi?"

Mbuzi waliokuja nao walikuwa wamekwisha kuhesabiwa kwa mahari. Kipkemoi hakuwa na kondoo. Wenyeji wakaanza kumtania.

"Akimbie soko la Maili Kumi akanunue!"

"Sahani zitapoa, boss!"

"Atoe viatu, tuviweke rehani!"

Mzee Kibii akaenda kwenye pikapu. Nyuma kabisa, mbali na mbuzi, palikuwa na kondoo dume mmoja mwenye kichwa cheusi na mgongo mpana kama meza. Alikuwa amemnunua asubuhi ile sokoni, njiani, kwa ajili ya zizi lake mwenyewe, baada ya kubishana na mwuzaji mpaka watu wakakusanyika. Safari nzima alikuwa akigeuka kumtazama kupitia kioo cha nyuma, kama baba atazamavyo mtoto aliyefaulu mtihani.

Akamfungua kamba.

"Baba mkubwa, huyo si..." Kipruto akaanza.

"Nyamaza, usije nawe ukatozwa." Akaweka kamba mkononi mwa Kipkemoi. "Peleka."

"Huyu ni wako, baba mkubwa. Ulisema ndiye atakuwa baba wa kondoo wako wote."

"Nilisema. Na wewe umesema jina, lakini aliyecheka ni mimi." Akalipiga lile dume kofi la mgongo, la kuaga. "Peleka kabla sijabadilisha roho."

Kipkemoi akamvuta kondoo mpaka mbele ya Mzee Muiruri, akamnyooshea kamba kwa mikono miwili. Mzee hakuipokea.

"Si kwangu," akasema. "Mimi ni mdomo tu. Peleka kwa mwenye jiko."

Mdomo tu?

Kipkemoi akazunguka nyuma ya hema, njia ile ile ambayo mzee amekuwa akiizunguka tangu asubuhi. Haikwenda kwenye kikao cha wazee. Haikwenda popote isipokuwa mlango wa jiko. Hapo alikuwa amesimama mama yake Wamuyu, mjane wa Ngigi, aliyeitwa na wote Mama Sue: mwanamke mfupi, mwenye leso kichwani na mwiko mkononi. Nyuma yake sufuria tatu zilikuwa zikichemka kwa zamu.

"Mama," Kipkemoi akasema, "nimeleta faini."

Mama Sue aliuweka mwiko chini, akaipokea kamba. Akampapasa kondoo mgongoni, akaridhika. Kwenye kigoda kando yake palikuwa na kiondo, maana simu zilikuwa zinarudishwa kwa wenyewe. Alitia mkono, akatoa simu ndogo nyeusi ya vitufe, iliyochoka.

"Hii ni ya shemeji Muiruri. Utampelekea."

Akatia mkono tena. Akatoa ile yenye mfuko wa kitambaa chekundu, akaifuta mvuke kwa ncha ya leso.

"Na hii ni yangu. Shemeji alinibebea tu."

Kipkemoi akaitazama simu, akazitazama sufuria, akaukumbuka mwiko uliogonga. Chungu kinachotaka kukorogwa! Raundi zote zile, mizunguko yote ile ya kushauriana, kunong'ona kule na kunguruma kule. Na mzee wa watu, maskini, akibeba maneno ya mwingine kama mtungi kichwani.

"Mama... ni wewe?"

"Ulichelewa kuita, Korongo," Mama Sue akasema.

Korongo! Hilo ndilo jina lake la mezani. Hajamwambia mtu yeyote: si Kipruto, si Wamuyu.

"Umenijuaje?"

"Kwani ni wewe tu unasoma watu?" Alikuwa akitabasamu kidogo sana. "Korongo hutoroka mezani kila Wamuyu akipiga simu. Karata nzuri, karata mbaya, anatupa na kutoroka. Na Wamuyu hukupigia akiwa ameketi hapo, kwa hiki kigoda. Nikasema, huyu kijana anaweza kuwacha wafalme wawili kwa sababu ya msichana wangu. Ngoja tuone kama ana masikio."

Kipkemoi alitaka kucheka, na alitaka kulia kwa hasira ya muda wote alioupoteza. Alikuwa amesoma mtu mzima kwa kitabu, na mtu mwenyewe alikuwa akimsoma yeye kwa kijiko.

Mama Sue akaifunga kamba kwenye nguzo ya jiko, fundo imara, la mtu asiyetarajia kuifungua. Kisha akapaaza sauti ili hema lote lisikie.

"Faini imelipwa! Sue, Wamuyu, toeni sahani!"

Vigelegele vikapanda. Wasichana wakapita na sahani, Wamuyu katikati yao, na alipompita Kipkemoi alimkanyaga mguu kwa makusudi, maana hiyo ndiyo hotuba pekee aliyoruhusiwa. Hemani Mzee Kibii alikuwa akicheka tena, safari hii akimwambia Mzee Muiruri habari za kondoo aliyekuwa wake. Kila kitu kilikuwa sawa. Kipkemoi akageuka kwenda kula.

"Mwanangu."

Akasimama.

Mama Sue alikuwa amemsogelea. Alitazama huku na huku, akaikunja ncha ya leso yake polepole, na sauti yake ikashuka chini, chini kabisa, sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Kuna kajambo kengine," akanong'ona. "Kadogo tu. Ni kuhusu Wamuyu. Sidhani amekuambia."

Safari hii Kipkemoi hakutabasamu; aliinama, akatega sikio.